Uzi: Kufuatilia foleni za ujumbe bila kuugusa ujumbe wenyewe

MkeshaWaSeva (mwanzilishi wa uzi)

Salaam wakuu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimamia RabbitMQ, yaani seva inayopokea jumbe kutoka programu moja, kuzipanga foleni na kuzikabidhi kwa programu nyingine, katika kampuni moja ya mikopo hapa Dar es Salaam, na mwezi uliopita nilifanya kosa ambalo nalieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu nimewauliza wenzangu watatu wa kazi hii na wote wamekiri kwamba skripti kama niliyoiandika inaendelea kufanya kazi kwao mpaka leo.

Jambo lenyewe lilianza dogo. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba wamelipa kwa simu lakini hawapati SMS ya kuthibitisha, na mkuu wa idara akataka kujua ujumbe ulioko mbele ya foleni ya marejesho umesubiri kwa muda gani. Idadi ya jumbe nilikuwa naiona kwenye ukurasa wa usimamizi, ila umri wake sikuuona popote. Nikaandika skripti ya mistari kama ishirini hivi, ambayo kila baada ya dakika moja ilikuwa inauvuta ujumbe mmoja kwa `basic.get`, inasoma saa iliyoandikwa ndani yake, kisha inaurudisha kwa `basic.nack` yenye `requeue=true`. Niliamini kwamba kuchukua na kurudisha ni sawa na kutochukua.

Jioni ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imeanza kurundikana, mteja mmoja alilipa shilingi 40,000 kimakosa na malipo hayo yakabatilishwa papo hapo. Zikaingia jumbe mbili zikifuatana, malipo mbele na batilisho nyuma yake. Zilipofika zamu yao, skripti yangu ikaamka na kuushika ujumbe wa malipo. Kwa muda ule mfupi batilisho likawa ndilo la kwanza kwenye foleni. Programu ya hesabu ikalichukua, ikatafuta malipo ya kubatilisha, haikuyaona, ikalipeleka kwenye foleni ya jumbe zilizoshindikana. Kisha skripti ikayarudisha malipo, nayo yakaingia vitabuni bila kizuizi. Asubuhi mhasibu alinifuata mezani na karatasi ya usuluhishi, ile 40,000 ameizungushia wino mwekundu mara mbili.

Tulipochimba tukakuta na la pili, ambalo kwangu lilikuwa la aibu zaidi. Ujumbe uliorudishwa kwenye foleni hupewa alama ya `redelivered`, yaani umewahi kukabidhiwa kabla. Programu yetu ya SMS iliandikwa isitume chochote kwa ujumbe wenye alama hiyo, ili mteja asipate SMS mbili kwa malipo mamoja. Kwa hiyo kila dakika ambayo foleni haikuwa tupu, mteja mmoja alikosa SMS kwa sababu yangu. Malalamiko niliyotumwa kuyachunguza yalikuwa yakiongezeka kwa sababu nilikuwa nikiyachunguza.

Msingi wa tatizo ni kwamba RabbitMQ, kwa foleni zake za kawaida, haina njia ya kuchungulia ujumbe. Kuna kuchukua na kuna kurudisha, basi. Hata kile kitufe cha kuvuta jumbe kwenye ukurasa wa usimamizi kinafanya hivyo hivyo, na ndiyo maana ukurasa wenyewe umeweka onyo kwamba kitendo hicho kinaharibu, na ombi linalotumwa nyuma ya kitufe hicho ni la POST, yaani la kubadilisha kitu, si la GET, la kusoma tu. Onyo hilo nilikuwa nimelipita kwa macho labda mara mia.

Sasa nimeizima skripti na ninasoma hesabu peke yake:

`rabbitmqctl list_queues name messages_ready messages_unacknowledged consumers`

Amri hii haigusi ujumbe hata mmoja. Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje, hasa kuhusu umri wa ujumbe, maana hapo bado sijaridhika.

---

BintiWaKilindini

Pole sana kaka Mkesha, na ahsante kwa kutoficha. Mimi niko Mombasa, nasimamia mfumo mdogo wa oda, na nimekuwa nikitumia njia ya kutangaza foleni kwa hali ya kuuliza tu, ile `queue.declare` yenye `passive=true`, ambayo hurudisha idadi ya jumbe na idadi ya wapokeaji bila kubadilisha kitu. Nimeona inatosha. Je, kuna ubaya ninaoukosa?

---

MkeshaWaSeva

Dada, upo mmoja, na ni mkubwa. Idadi inayorudishwa na ombi hilo ni ya jumbe zilizo tayari kukabidhiwa tu. Zile ambazo tayari zimekabidhiwa kwa mpokeaji lakini hajathibitisha kuzimaliza hazimo. Sasa fikiria mpokeaji ambaye hakuwekewa kikomo cha kupokea kwa mkupuo, yaani `prefetch`. Kwa AMQP, itifaki ambayo RabbitMQ huzungumza na programu, asipowekewa kikomo hupelekewa kila kilichopo. Programu hiyo ikikwama katikati, labda inasubiri hifadhidata isiyojibu, wewe utaulizia foleni na kuambiwa sifuri, na utalala usingizi mzuri huku jumbe mia tano zimefungwa mikononi mwa programu iliyoganda. Seva yenyewe haitamkatia mpokeaji huyo mpaka muda wa uthibitisho uishe, ambao katika matoleo mengi ya sasa ni dakika 30 usipobadilishwa.

Ndiyo sababu katika amri niliyoweka juu nimetenganisha `messages_ready` na `messages_unacknowledged`. Ya kwanza ikipanda, wapokeaji hawatoshi au hawapo. Ya pili ikisimama pale pale huku uthibitisho kwa sekunde ni sifuri, mpokeaji yupo lakini hafanyi kazi. Magonjwa hayo ni mawili tofauti na tiba zake ni tofauti, na ukiyajumlisha katika namba moja hutajua unatibu lipi.

---

MzeeWaIBM

Vijana wangu, nimesoma kwa makini. Mimi nimezeekea kwenye IBM MQ, mfumo wa foleni za ujumbe wa IBM, tangu ilipokuwa ikiitwa MQSeries, na kwetu kuchungulia kupo kwa asili: unaifungua foleni kwa `MQOO_BROWSE` kisha unasoma kwa `MQGMO_BROWSE_FIRST` na `MQGMO_BROWSE_NEXT`, ujumbe unabaki mahali pake na mpokeaji halali hajui kama ulipita. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani sisi tumepona. Hatujapona kabisa.

La kwanza ni jumbe zilizokwisha muda. Ujumbe uliowekewa muda wa kuishi ukiisha hauondoki wenyewe dakika ile ile; hukaa foleni na kuhesabiwa katika `CURDEPTH`, yaani kina cha foleni au idadi ya jumbe zilizomo, mpaka pale usomaji utakapoufikia, au mpaka seva ifanye usafi wake. Na usomaji huo hata ukiwa wa kuchungulia tu, ujumbe uliokwisha muda hutupwa pale pale. Niliwahi kukesha nikitafuta jumbe zilizopotea katika foleni ambayo hakuna aliyeichukua: kina kilikuwa juu, nikaichungulia, kina kikashuka. Kumbe jumbe zilikuwa zimekufa zamani, na mimi nikawa mzikaji bila kujua.

La pili ni kwamba `CURDEPTH` inahesabu pia jumbe ambazo muamala wake haujakamilishwa. Unaona kina ni 12, mpokeaji anasema hakuna kitu na anarudishiwa namba 2033, yaani hakuna ujumbe wa kuchukua, mnaanza kugombana kati ya idara mbili. Tazameni `DISPLAY QSTATUS`, pale kwenye `UNCOM`, panapoonyesha kama kuna ambayo hayajakamilishwa, kabla hamjatukanana. Hapo hapo kuna `MSGAGE`, yaani umri wa ujumbe mkongwe kuliko wote kwa sekunde, jambo ambalo Mkesha analililia. Ila sharti ufuatiliaji uwe umewashwa kwa `MONQ`, vinginevyo nafasi yake huwa tupu na watu wanadhani foleni haina tatizo.

La tatu ni dogo lakini limewauma wengi. Ipo amri ya kusoma takwimu za foleni ambayo inakupa zilizoingia, zilizotoka na kina cha juu tangu mara ya mwisho, na papo hapo inazirudisha kwenye sifuri. Mkiwa na vifaa viwili vya ufuatiliaji vinavyoitumia, kila kimoja kinamwibia mwenzake, na grafu zote mbili zinakuwa za uongo.

---

MkeshaWaSeva

Shikamoo Mzee. Hilo la kuzika bila kujua sikulifahamu kabisa, na linanifanya niamini kwamba swali la kuuliza kila mfumo si kama una njia ya kuchungulia, bali ni kitu gani kinabadilika ninapochungulia.

---

NyaniWaLogi

Sisi wa Kafka, mfumo mwingine wa kupitishia jumbe, tunawatazama kwa huruma. Kule ujumbe hauondolewi kwa kusomwa. Umeandikwa kwenye logi na unabaki hadi muda wake wa kuhifadhiwa uishe, ambao kwa mipangilio ya kuanzia ni saa 168. Kila kundi la wasomaji lina alama yake ya limefika wapi. Kwa hiyo kufuatilia ni kutoa tu: mwisho wa logi kutoa pale msomaji alipofika, na `kafka-consumer-groups.sh --describe` inakutolea hesabu hiyo tayari kwenye safu ya `LAG`. Hakuna 40,000 ya mtu itakayopotea kwa kutazamwa.

---

BintiWaKilindini

Kaka Nyani, huruma hiyo irudishe mfukoni. Nimewahi kuona kijana mwenye nia njema akiwasha msomaji wa kwenye terminali ili atazame jumbe mbili tatu, akanakili mipangilio ya programu ya kazini pamoja na `group.id` yake, yaani jina la kundi la wasomaji. Kafka ikamhesabu kuwa mwenzao, ikamgawia baadhi ya partisheni, yaani vipande vya logi, na jumbe za partisheni hizo zikawa zinaishia kwenye skrini yake huku alama ya usomaji ikisogezwa mbele kana kwamba zimeshughulikiwa. `LAG` ilikuwa sifuri muda wote. Dashibodi ilikuwa ya kijani kibichi.

---

NyaniWaLogi

Nimepokea, dada. Ni kweli, na ningeongeza kwamba hata pasipo kosa hilo `LAG` ina upofu mwingine: msomaji akichelewa mpaka logi ikafutwa mbele yake, atarukia palipobaki, hesabu itapungua ghafla, na upungufu huo utaonekana kama nafuu. Kwa kutazama tu, tumieni jina la kundi ambalo halitumiki popote. Ukiwasha `kafka-console-consumer.sh` bila kutaja kundi, yenyewe hujipa jina la kubahatisha, na hiyo ni salama kuliko kunakili faili la mtu.

---

FundiWaMawingu

Kwa upande wa SQS, huduma ya foleni za ujumbe ya Amazon, niongeze kwa kifupi. Nako hakuna kuchungulia. Ukivuta ujumbe kwenye dashibodi yao ili uusome, unafichwa kwa wengine kwa sekunde 30 kama hujabadilisha mpangilio, na idadi ya mara ulizopokelewa inaongezeka kwa moja. Kama foleni imewekewa kikomo cha mara tatu kabla ya kupelekwa kwenye foleni ya zilizoshindikana, basi mafundi watatu wenye udadisi wanatosha kuuhamisha ujumbe mzima ambao haukuwa na kasoro yoyote. Someni `ApproximateAgeOfOldestMessage` mtosheke. Umri mnaoutafuta upo pale bila kumgusa mtu.

---

MkeshaWaSeva

Hilo la kikomo linagusa RabbitMQ pia, wakuu. Kuanzia toleo la 4.0, foleni za aina ya `quorum`, zile zinazonakiliwa kwenye seva kadhaa, zina kikomo cha kukabidhiwa ambacho kwa kuanzia ni 20, na ujumbe ukikivuka hupelekwa kwenye foleni ya zilizoshindikana, na kama haipo hutupwa. Skripti yangu ya kila dakika, kama ingekuwa juu ya foleni ya aina hiyo na mpokeaji amezimwa kwa matengenezo ya nusu saa, ingekuwa inaurudisha ujumbe ule ule wa mbele tena na tena mpaka kikomo kiutoe. Nimepata baridi nilipopiga hesabu hiyo.

---

KaziniUsiku

Wakuu, mbona suluhisho ni rahisi? Unganisheni foleni ya pili kwenye `exchange` ile ile, yaani kituo kinachogawa jumbe kwa foleni, iwe ya upelelezi. Kila ujumbe unanakiliwa, halisi unakwenda kwa mwenyewe, nakala mnaisoma mtakavyo.

---

MkeshaWaSeva

Mkuu, njia hiyo ni halali na nimeitumia, lakini siipendekezi kwa ufuatiliaji wa kila siku. Foleni ya upelelezi ambayo msomaji wake amezimwa hujaa kimya kimya. Seva ikivuka kiwango chake cha kumbukumbu, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 40 ya kumbukumbu ya mashine na tangu 4.0 ni asilimia 60, inawazuia watumaji wote, si wa foleni hiyo tu. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa kitazame malipo kinakuwa ndicho kilichoyasimamisha malipo. Ukiamua kuiweka, usiiache bila `x-max-length`, kikomo cha idadi ya jumbe, na `x-message-ttl`, muda wa kuishi wa ujumbe. Ikijaa iwe inatupa za zamani, maana ni nakala tu.

Halafu kuna suala ambalo mafundi tunalipuuza. Nakala hizo zina namba za simu, majina na viwango vya fedha vya watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Sidhani kama nia ya kupima kasi ya foleni ni sababu ya kutosha ya kuhifadhi mahali pa pili kwamba fulani amelipa kiasi fulani.

Kuhusu umri, niliyofikia ni haya. Kwanza ni makadirio: gawanya jumbe zilizo tayari kwa idadi ya uthibitisho kwa sekunde. Zikiwa 900 na wapokeaji wanamaliza 15 kwa sekunde, ujumbe unaoingia sasa utasubiri kama dakika moja, na hakuna sababu ya kumwamsha mtu. Zikiwa 40 na kasi ni sifuri, hizo 40 ni mbaya kuliko zile 900. Kengele yangu ya zamani ilikuwa inalia jumbe zikifika 500, kwa hiyo ilipiga kelele kila mwisho wa mwezi bila sababu na ingenyamaza siku ambayo kila kitu kimesimama.

Makadirio hayo hayatoshi peke yake, kwa hiyo tumeongeza ujumbe wa kupimia. Kila dakika programu ndogo inatuma ujumbe wetu wenyewe kupitia njia ile ile ya malipo, ukiwa na saa ya kutumwa na alama maalumu kwenye kichwa chake. Mpokeaji akiiona alama anaandika tofauti ya saa, anathibitisha, na haendi kwenye vitabu. Haiwezekani bila waandishi wa programu kukubali, na wetu walisita kwa siku nne wakihofia kwamba siku moja alama itasahaulika na malipo hewa yataingia. Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana namba ya akaunti ndani ya ujumbe huo ni ya akaunti isiyokuwepo.

---

BintiWaKilindini

Na hesabu zenyewe unazisoma mara ngapi kwa dakika? Mimi nilikuwa nauliza kila sekunde.

---

MkeshaWaSeva

Kila sekunde ni kazi bure, dada, kwa sababu takwimu za usimamizi za RabbitMQ hukusanywa kila baada ya sekunde 5. Utakuwa unasomewa jibu lile lile mara tano. Sisi tunasoma kila sekunde 15 kupitia kiunganishi chake cha Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, kwenye mlango wa 15692. Angalizo: ukisoma `/metrics` kama ilivyo, unapata jumla ya foleni zote kwa pamoja, na foleni moja iliyokwama inamezwa na tisini zinazokwenda vizuri. Tumia `/metrics/detailed` na uombe familia ya `queue_coarse_metrics`, na `queue_consumer_count` kwa idadi ya wapokeaji.

---

MzeeWaIBM

Marahaba, mwanangu, salamu yako sikuiitikia pale juu. Swali langu moja: hao wenzako wa zamu wana mamlaka gani kwenye seva? Maana umezima skripti yako, lakini kitufe bado kipo kwenye ukurasa, na saa nane usiku mkono wa mtu aliyechoka haukumbuki uzi huu. Kwetu mtazamaji hupewa haki ya kuchungulia na kuuliza hali, haki ya kuchukua hapewi.

---

MkeshaWaSeva

Mzee, ulipouliza nilikuwa sina jibu, nikaenda kulitafuta. Wote wa zamu walikuwa wakiingia kwa akaunti ya msimamizi mkuu, mimi nikiwa wa kwanza. Jana nimefungua akaunti mpya:

`rabbitmqctl add_user mtazamaji`
`rabbitmqctl set_user_tags mtazamaji monitoring`
`rabbitmqctl set_permissions -p / mtazamaji "^$" "^$" "^$"`

Amri ya kwanza inauliza nywila. Ya tatu inampa ruhusa ya kuingia kwenye eneo la `/` la seva, lakini haki zake tatu za kupanga, kuandika na kusoma hazilingani na jina la foleni yoyote. Kurasa zote zinafunguka, grafu anaziona, hesabu anazisoma.

Usiku wa kuamkia leo nimeingia kwa akaunti hiyo, nikafungua foleni ya marejesho ikiwa na jumbe 17, nikabonyeza kitufe cha kuvuta kwa makusudi. Seva ikanijibu kwamba mtumiaji huyu amekataliwa kuifikia foleni hiyo. Nikatazama tena hesabu: 17, na ambazo hazijathibitishwa sifuri.